Ukurasa wa Nne wa Historia ya Kijiji Chetu

Kamati ya kanisa letu ilipoamua kwamba kijiji kiandikiwe historia, ilibishana kuhusu lugha kwa Jumapili tatu kabla haijabishana kuhusu historia yenyewe. Wazee walitaka Kimeru, lakini katibu alipoandika sentensi mbili ubaoni, watu wanne walisimama kusahihisha tahajia, na kila mmoja akaisahihisha kivyake. Vijana walitaka Kiingereza, kwa ajili ya wajukuu walioko Nairobi. Mwishowe wakaafikiana kwa Kiswahili, lugha ambayo kwetu hakuna anayeijua vizuri kiasi cha kumsumbua mwenzake nayo. Isipokuwa mimi. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana mjini Meru, kwa hiyo kazi ikaniangukia.

Aliyenipigia simu ni baba mkubwa, kaka ya marehemu baba yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa mpaka akastaafu, na hadi leo huzungumza kana kwamba anasoma orodha ya wakulima.

"Mwalimu," akasema, "tunataka kurasa kumi. Zisiwe na uongo mwingi."

Nikamwuliza ni uongo kiasi gani unaoruhusiwa.

"Utatumia akili yako," akanijibu. "Ndiyo maana tulikusomesha."

Kijiji chetu kiko juu ya Githongo, ukiacha lami na kupanda barabara ya udongo mwekundu, ile ambayo kila mgombea huahidi kuitengeneza na kisha akapotea kabisa. Kijito kinakigawa sehemu mbili. Kijito chenyewe unaweza kukiruka ukiwa umebeba ndoo ya maziwa, lakini ukiwasikia watu wakikitaja utadhani ni mpaka wa nchi. Kuna watu wa juu na watu wa chini. Wanaoana, wanazikana, wanapeleka kahawa kiwanda kimoja, na bado mtu wa juu akisikia kwamba ng'ombe fulani amekataa kukamuliwa, huuliza kwanza kama ni ng'ombe wa chini.

Jina la kijiji, ukilitafsiri, ni Walipokaa. Nani walikaa, na walikaa kwa nini, hayo ndiyo niliyotumwa kuyatafuta.

Nilianza Jumamosi iliyofuata. Nilipitia soko la Gakoromone, nikanunua karanga za kuwapelekea wazee, jambo lililoonyesha kwamba mtu anaweza kusoma hadi chuo kikuu na asifikirie meno. Wazee wa juu walizipokea kwa adabu, wakaziweka mifukoni, wakanipa historia yao. Mashujaa wetu, walisema, walivamiwa hapa na maadui wengi. Maadui wakapigana mpaka wakachoka, lakini mashujaa walikaa pale pale, hawakurudi nyuma hata hatua. Nikauliza maadui hao walikuwa nani. Mzee mmoja akataja watu wa upande fulani, kisha akakumbuka kwamba mkwewe anatoka huko, na mkwe mwenyewe alikuwa nje anamkatia ng'ombe majani. Akakohoa.

"Andika nyati," akasema.

Watu wa chini walikuwa na habari tofauti. Kwao, waliokaa ni wazee waliokuja kuamua kesi ya shamba. Kesi ilikuwa ngumu. Walikaa kusikiliza upande mmoja, wakakaa kusikiliza upande wa pili, mashahidi wakaongezeka, mvua ikanyesha, wake zao wakawafuata na vyungu, na kabla hukumu haijatolewa watu walikuwa wamejenga. Hii niliiamini haraka zaidi, kwa sababu nimehudhuria mikutano yetu.

Baba mkubwa alisema niandike zote mbili, nianze na ile ya juu.

"Si kwamba napendelea," alisema, yeye aliyezaliwa juu. "Ni kufuata mteremko tu."

Mama yangu ndiye aliyeharibu mpango huo, na aliuharibu akiwa anachambua ndengu jikoni, bila hata kuinua macho.

"Umemwuliza yule nyanya wa ng'ambo?"

Inafaa nimweleze mama kwanza. Mama ni mtu wa Mbeere, kule chini Embu, kwenye joto, mbuzi na mtama. Baba alimpata huko alipokuwa fundi wa kujenga madarasa, akamleta huku kwenye baridi na ukungu. Mama amezaa watoto watano hapa, amemzika mume hapa, anachuma kahawa kuliko wengi waliozaliwa chini ya miti yake, lakini kijijini bado anaitwa mgeni wetu. Si kwa ubaya. Wanalitaja jina hilo wakicheka, na yeye hucheka nao. Baba mkubwa ndiye bingwa. Hakuna sherehe inayopita bila yeye kupaza sauti, "Shemeji, kwenu mvua imenyesha mwaka huu, ama bado mnaiona kwa picha?" Mama humjibu kwamba kwao mvua ni chache lakini watu wanajua kunyamaza. Kila mtu hucheka. Ila mimi, tangu nikiwa mtoto, nimeona kwamba kanisani na mikutanoni mama hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kama mtu ambaye wakati wowote anaweza kuambiwa kwamba nafasi hiyo ina mwenyewe.

Nyanya wa ng'ambo anaishi mwisho kabisa wa upande wa chini. Amekuwa na miaka tisini kwa muda mrefu sana. Watu wameacha kumwuliza mambo kwa sababu huwa anayajibu. Mimi na mama tulimkuta uani, amekaa juu ya gunia, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, anafoka peke yake.

"Kuku wangu ameenda kwa jirani," alisema kabla hatujamaliza kumsalimu. "Yule mwekundu."

Nikamweleza kwamba nimetumwa na kamati kuandika historia ya kijiji.

"Nimesikia. Lakini historia haiwezi kusimuliwa kuku akiwa kwa jirani. Atataga huko."

Kwa hiyo historia ya kijiji chetu ilisimama kwa muda, huku mimi na mama tukimkimbiza kuku katikati ya migomba ya watu. Nilivua viatu. Mama, ambaye ana magoti mabaya, alikata njia kwenye ua, akamngojea kuku pale alipojua atatokea, akamshika kwa miguu bila kukimbia hata mara moja. Nyanya alimtazama kwa makini alipomleta.

"Huyu amelelewa na mifugo," alisema. "Keti hapa karibu."

Kisha akaanza, bila utangulizi wowote.

"Hakukuwa na maadui. Nani angekuja kupigania mteremko huu? Na hakukuwa na kesi. Kulikuwa na mtu mmoja wa huku milimani aliyeshuka nchi ya joto kubadilisha vyakula, akapata mke huko. Wakawa wanapanda kurudi kwao mume. Mke ana mimba, amebeba kibuyu cha mbegu, hajawahi kuona baridi ya namna hii. Wakafika hapa. Akaketi."

Akapangusa pua.

"Mume akamwambia, inuka, kwetu ni pale juu, huoni ule moshi? Mke akasema, nauona. Wewe nenda. Mimi nimefika. Mume akasema, hujafika. Mke akasema, nimefika. Mume akafikiri ni mzaha, akatembea hatua chache, akaangalia nyuma, akarudi. Akabembeleza. Akakasirika. Akabembeleza tena. Mvua ikaanza, akakata majani ya mgomba amfunike. Kesho yake akasimamisha kibanda kidogo, kwa sababu angefanya nini? Siku ya tatu mtoto akazaliwa. Ndugu zake waliposhuka kuwatafuta, walikuta mafiga yameshaingia masizi. Wakarudi kusema, wako kule walipokaa. Lakini aliyekaa ni mmoja. Yule mwingine alikuwa amesimama akilalamika."

Niliandika haraka mpaka kalamu ikanitia doa. Nikamwuliza nani alimwambia haya.

"Mama ya mama yangu. Na yeye hakuwa mtu wa kudanganya, isipokuwa kuhusu umri."

Halafu akamgeukia mama. "Wewe ndiye wanakuita mgeni?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mwanamke yule alitoka kwenu. Si kijiji chenu, sijui kijiji. Lakini ni kule kwenye joto. Sasa waulize hao wanaokuita mgeni, wao walitoka tumboni mwa nani?"

Mama alikuwa bado amemshika kuku, na kuku alikuwa ametulia kabisa.

Tukiwa njiani kurudi tulifika kwenye daraja la mbao la kijito. Hapo mama akashika ukingo akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipofariki.

"Kwa hiyo alichoka tu," alisema.

"Alichoka."

"Unajua siku niliyoletwa, mimi pia nilichoka papa hapa. Viatu vilikuwa vya kuazima. Lakini nilikuwa na haya, nikaendelea kutembea." Akajipangusa macho. "Na kuna neno moja. Wiki ya kwanza nilisikia nyanya yako, mama wa baba yako, akikiita kibuyu kidogo kwa jina tunalolitumia kwetu. Pale Githongo hawalisemi. Nilidhani ananicheka. Nilikaa na hasira karibu mwezi."

Niliandika yote. Habari ya watu wa juu ikachukua ukurasa wa pili, ya watu wa chini ukurasa wa tatu, ya nyanya ukurasa wa nne. Kutoka wa tano kuendelea ni kanisa, shule, kiwanda cha kahawa na mtu wa kwanza kununua redio, ambaye tuna watatu.

Nilimpelekea mchapaji, msichana wa Githongo mwenye kompyuta mbili na kucha ndefu ambazo hazimzuii kuchapa kwa kasi. Kisha nakala ya kwanza nikaipeleka kwa baba mkubwa. Aliisoma sebuleni kwake, miwani imemshuka puani, mimi nikinywa chai ya baba mkubwa, ambayo huwa ni maziwa yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Alitikisa kichwa kwa kuridhika hadi ukurasa wa tatu. Kwenye wa nne akatulia.

"Huu hapana," alisema.

"Kwa nini?"

"Mwalimu, siku ya sherehe ya kuizindua kutakuwa na wageni. Wachungaji kutoka mjini. Chifu. Niwaambie kijiji hiki kilianzishwa na miguu ya mwanamke iliyochoka?"

"Ukurasa wa pili kimeanzishwa na nyati."

"Nyati ana heshima."

Akang'oa ukurasa ule polepole, akaukunja mara nne, akautia katika mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani lililokuwa limetundikwa mlangoni. Hakuwa na hasira. Alifanya kama karani anayeondoa fomu iliyojazwa vibaya. Nami, mtu ninayewafundisha wasichana kila siku wasimame waseme wanachofikiri, nilimaliza chai yangu nikasema sawa. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba tulipobaki yatima. Ni vigumu kubishana na mtu aliyewahi kukutilia sahihi kwenye ripoti za shule.

Nilipomwambia mama, alisema, "Sawa tu," akarudi kwenye ndengu zake. Lakini alizichambua kwa kelele ambayo ndengu hazihitaji.

Mchapaji ndiye pekee aliyepinga.

"Madam, unataka nifute hii?" aliniuliza. "Hii ndiyo stori yenyewe. Hizo zingine ni wazee wanajipiga picha."

"Futa tu."

Akafuta mbele ya macho yangu. Alichosahau kuniambia ni kwamba alikuwa ameshaupiga picha ukurasa huo kwa simu na kumtumia mama yake, na kwamba mama yake ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Kufikia siku ya sherehe, ukurasa wa nne ulikuwa umesomwa kijijini kote kuliko kurasa zingine zote kwa pamoja. Wanaume peke yao ndio hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyewatumia.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, ya jua jepesi na mlima ukionekana wazi hadi kwenye theluji yake kidogo. Mahema yalipigwa uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, na nyuma ya kanisa akina mama walikuwa wakipika tangu asubuhi. Upepo ulipogeuka, harufu ya nyama na mukimo ilikatiza maombi, hata mchungaji mgeni akafupisha. Nyimbo zikaimbwa. Chifu akahutubia kuhusu usalama. Kisha nikaitwa kusoma.

Nilisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wa juu walipiga makofi kwenye nyati, watu wa chini wakapiga makofi kwenye kesi. Nikafungua wa tano, nikaanza, "Kanisa letu lilianza katika nyumba ya udongo..."

Hapo nikaona watu wamegeuza shingo. Akina mama walikuwa wanatoka nyuma ya kanisa, wakiwa na aproni zao, wengine na miiko mikononi. Walikuja bila haraka hadi kwenye nyasi iliyokuwa wazi mbele ya meza kuu, na mmoja baada ya mwingine wakaketi chini. Walinyoosha miguu yao mbele.

Baba mkubwa alichukua kipaza sauti. "Akina mama, kuna nini? Chakula kimeiva?"

"Kimeiva vizuri, mwenyekiti," alijibu mama wa mchapaji.

"Basi tuendelee, halafu mpakue."

"Endeleeni. Sisi tumefika."

Chifu, ambaye hakuwa amekula tangu alfajiri na alikuwa amekaa upande wa harufu, aliinama akauliza kama kuna shida ya usalama. Akaambiwa hakuna shida, chifu, ni miguu tu. Wanawake waliokuwa kwenye viti wakaanza kucheka, wale wa juu na wale wa chini. Nyanya wa ng'ambo alikuwa mstari wa mbele na kofia yake, uso wake umetulia kama mtu asiyejua lolote.

Mama yangu alitokea wa mwisho. Nilijua hakuwa amepanga haya, maana nilimwona anasita kwenye kona ya kanisa, mikono ina unga, akitafuta pa kujificha. Wenzake wakamsogezea nafasi katikati, mbele kabisa. Alimtazama baba mkubwa, akanitazama mimi. Kisha akaja, akakusanya sketi yake, akaketi chini kwa shida kwa sababu ya yale magoti, na hakuangalia mlango wowote.

Baba mkubwa alisimama na kile kipaza sauti kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko kesi ya ukurasa wa tatu. Nilidhani atakemea. Badala yake aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua, akavaa miwani. Sijui kama alikuwa ameisahau humo au alikuwa ameibeba makusudi; nilipomwuliza baadaye alisema koti ni lake.

Hakunipa niisome, nami nikakaa. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kiwandani, akitua kila nukta, kama anayemwita mkulima baada ya mkulima. "Akaketi. Mume akamwambia, inuka." Alipofika kwenye yule mwingine aliyekuwa amesimama akilalamika, uwanja ulilipuka kwa kicheko, na ndipo akagundua kwamba katika uwanja ule mzima aliyekuwa amesimama ni yeye. Nilimwona akilitambua. Mdomo wake ulicheza kidogo. Baba mkubwa ana makosa mengi, lakini hapendi kicheko kipite bila yeye kuwemo, kwa hiyo alirudia sentensi ile, polepole zaidi, akijionyesha kwa kidole. Mchungaji mgeni alicheka mpaka akavua kola.

Alipomaliza aliikunja karatasi. "Shemeji," akasema, "inuka basi. Watu wana njaa."

"Sema vizuri," mama akamjibu.

Akaweka kipaza sauti mezani, ili asisikike na wote, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Tafadhali, shemeji. Na karibu."

"Nimeshakaribia miaka mingi," mama alisema, akampa mkono amwinue.

Tulikula tukashiba. Kijitabu kikachapishwa upya na kurasa zote kumi, na mchapaji akaweka picha ya kibuyu kwenye jalada bila kumwuliza mtu.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo watu wa juu na wa chini wamekuwa kitu kimoja. Wameacha kubishana kuhusu nyati na kesi, hilo ni kweli. Sasa wanabishana kuhusu mahali hasa alipoketi. Watu wa chini wanaonyesha jiwe lililo karibu na shule na wanasema ndilo. Watu wa juu wanalo lao, limebonyea kidogo katikati, na wanasema jiwe halibonyei hivihivi. Baba mkubwa anataka kulijengea ua wa saruji, hili la juu, kwa kufuata mteremko. Mama wamemchagua kwenye kamati ya kuamua, eti kwa sababu ni jamaa ya mhusika. Huwa analalamika kwamba mikutano ni mirefu, lakini hajakosa hata mmoja, na nimesikia anakaa karibu na katibu ili aone anachoandika. Juzi alinipigia simu nikiwa darasani, akiwa na sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, kuniambia nisije Jumamosi hii maana hatakuwa nyumbani. Uamuzi ulikuwa utolewe jana, lakini umeahirishwa, kwa kuwa watu wa chini wameleta jiwe jingine.